Tabora na Safari za Maji za Ziwa Tanganyika

Kitete, ambayo leo ni kata ya Manispaa ya Tabora, iko katikati ya nchi kavu ya miombo, na anayeitazama hawezi kudhani kwamba utajiri wa mji huo katika karne ya 19 ulitegemea pia mitumbwi na makafi. Unyanyembe, yaani nchi ya kitemi iliyouzaa mji wa Tabora, ilikuwa njia panda ya misafara: njia kuu iliyotoka Bagamoyo iligawanyika hapo, tawi moja likielekea kaskazini hadi Karagwe na Buganda, na jingine magharibi hadi Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika, ambako mpagazi alitua mzigo wake wa frasila mbili hivi (frasila moja ni kama kilo 16) na safari ya majini ikaanza. Historia ya njia hii imezoea kuhesabu miguu na mabega, na sehemu yake ya ziwani haijapewa haki yake, ingawa pembe zote zilizotoka Umanyema, ng'ambo ya ziwa, kupitia Ujiji zilivushwa majini kabla ya kufika Unyanyembe.

Chombo cha safari hiyo kilikuwa mtumbwi wa gogo moja, uliochongwa kwa miti mikubwa ya misitu ya Ugoma, ng'ambo ya magharibi. Haukuwa na sitaha wala kivuli. Abiria alikaa juu ya mizigo, jua likimpiga utosini na maji yakimlowesha miguuni, huku mmoja wa wapiga kafi akikumba maji bila kupumzika. Ziwa lenyewe, lenye urefu wa kilomita 670 hivi na upana wa wastani wa kilomita 50, linabadilika haraka: pepo za kusini-mashariki huvuma kwa nguvu wakati wa kiangazi, na dhoruba za masika hushuka milimani ghafla. Kwa hiyo manahodha waliambaa na pwani mchana, wakalala nchi kavu usiku, na hawakukata maji makuu mpaka hali ya hewa iwaridhishe. Wasafiri wa Kizungu waliuita uangalifu huo uvivu, na hukumu hiyo haikuwa ya haki, kwa sababu aliyelijua ziwa ndiye aliyewafikisha salama. Walipopita Kabogo, mahali ambapo mawimbi huingia katika mapango na kunguruma kama radi, mabaharia walitupa majini shanga au kipande cha nguo kuomba njia.

Mwezi Machi 1858 msafiri Mwingereza John Speke, ambaye pamoja na Richard Burton alikuwa amepokewa Tabora, iliyoitwa pia Kaze, na mfanyabiashara Snay bin Amir, alivuka kwa mtumbwi kutoka pwani ya Kabogo hadi visiwa vidogo vya Kivira na Kasenge, akitafuta kuazima jahazi la Sheikh Hamed bin Sulayyim. Usiku mmoja katika safari hiyo dhoruba ililitikisa hema lake, na alipowasha mshumaa mbawakawa walijaa ndani. Mmoja akamwingia sikioni, naye akajaribu kumtoa kwa kisu, akajiachia jeraha lililomtesa kwa miezi. Jahazi hakulipata, na mwisho wa mwezi alirudi Ujiji kwa mtumbwi.

Kwa wafanyabiashara, malipo ya taabu hizo yalikuwa makubwa. Mtumbwi ulibeba shehena ambayo nchi kavu ingehitaji wapagazi wengi, na soko la Ujiji, lililotumia shanga za sofi kama fedha, lilikutanisha pembe za ng'ambo, chumvi ya Uvinza, mawese, samaki wa ziwa na nguo za merikani zilizopita Unyanyembe. Lakini mitumbwi hiyohiyo ilivusha watu waliotekwa Umanyema, na hapa neno faida linahitaji kuulizwa ni ya nani: aliyefungwa kamba aliona jua, maji na hofu zilezile za Kabogo, na wengi wao walikuwa watu wa bara wasiozoea maji makubwa, bila tumaini lolote la kurudi. Sehemu ya vizazi vya Wamanyema walioishi baadaye Ujiji, Tabora na Dar es Salaam inatokana na watu waliovuka hivyo, nao walishiriki kuijenga miji hiyo, wakahifadhi humo majina na ngoma za ng'ambo.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Meli Graf von Goetzen, iliyojengwa Ujerumani na kusafirishwa kwa vipande, iliunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe waliizamisha wasije wakanyang'anywa, nayo baadaye iliopolewa, na mwaka 1927 ikarudishwa kazini kwa jina la Liemba. Tangu hapo abiria alipata sitaha na kivuli, lakini katika vijiji vingi ilikotia nanga hapakuwa na gati, na mitumbwi ndiyo iliyoifuata katikati ya maji kupokea watu na magunia ya dagaa, ambayo treni iliyafikisha Tabora.