Udaktari wa uhasibu: shahada iliyoanza kwa kudharauliwa

Mwishoni mwa 1923, Henry Rand Hatfield alisimama mbele ya walimu wenzake wa uhasibu kuitetea kazi yao. Alikuwa profesa wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, lakini udaktari wake, alioupata Chicago mwaka 1897, haukuwa wa uhasibu bali wa uchumi wa siasa. Alijua jinsi maprofesa wa taaluma kongwe walivyomtazama mwalimu wa leja: huyu naye kafuata nini chuoni? Hatfield akajibu kwa kutaja ukoo. Kitabu cha kwanza kilichochapishwa kueleza hesabu za maingizo mawili kilitoka Venice mwaka 1494, na mwandishi wake, Luca Pacioli, alikuwa mtawa, mwanahisabati na rafiki wa Leonardo da Vinci.

Hotuba ilikuwa tamu, ila ukoo hautoi shahada. Enzi hizo, Mmarekani aliyetaka kuandika tasnifu ya uzamivu juu ya hesabu za biashara alipitia mlango wa uchumi. William Paton alipitia humo Michigan mwaka 1917, na miaka tisa baadaye akawa mhariri wa kwanza wa jarida la The Accounting Review. A. C. Littleton, ambaye ujanani alikuwa mpiga telegrafu wa reli, alipitia humo Illinois. Kitabu chake cha 1933, kinachofuatilia safari ya uhasibu hadi mwaka 1900, wanahistoria wa fani bado wanakirudia.

Chuo hichohicho cha Illinois ndicho kilichotoa, mwaka 1939, udaktari wa kwanza nchini Marekani uliobeba jina la uhasibu. Tasnifu za kizazi kile ziliuliza maswali ambayo karani yeyote angeyaelewa. Mashine iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita iandikwe vitabuni kwa bei ya siku ile au ya leo? Faida ihesabiwe lini, mkataba ukitiwa saini au mzigo ukimfikia mteja? Majibu yalitafutwa kwa hoja. Mtu alihitaji maktaba, mifano ya kampuni na msimamizi asiyekubali maneno matupu.

Si kila mtu aliyekaribishwa. Leseni ya uhasibu wa umma, CPA, kwa kawaida ilidai mwombaji afanye kazi kwanza chini ya mhasibu mwenye leseni, na ofisi za Wazungu ziliwafungia Weusi milango. William Campfield aliupata udaktari Illinois mwaka 1951, Mmarekani Mweusi wa kwanza kufika huko. Mwaka 1955 Larzette Hale, aliyezaliwa Oklahoma na kukua yatima, akahitimu Wisconsin. Alikuwa mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuwa na leseni na udaktari kwa pamoja, na baadaye aliongoza masomo ya uhasibu katika Chuo Kikuu cha Utah State. Walioweza kuwafuata walikuwa wachache. Mradi wa PhD Project ulipoanzishwa mwaka 1994 kwa nguvu ya wakfu wa kampuni ya ukaguzi ya KPMG, Weusi, Walatino na Wenyeji wa Asili wenye udaktari waliokuwa wakifundisha katika shule zote za biashara za nchi ile, si za uhasibu peke yake, walikuwa 294.

Tukirudi nyuma, mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili, moja kwa fedha za wakfu wa Ford na nyingine za shirika la Carnegie, zikazisema vibaya shule za biashara: masomo mepesi, utafiti haba. Shule zikatikisika. Walianza kuajiriwa wanauchumi na wanatakwimu, na Chicago ilikuwa na silaha ambayo wengine hawakuwa nayo, yaani kanda za sumaku zenye bei za kila mwezi za hisa za soko la New York kuanzia Januari 1926.

Hapo ndipo wanapoingia Waaustralia wawili, Ray Ball na Philip Brown. Walichukua kampuni 261, wakakadiria faida iliyotazamiwa ya kila mwaka, kisha wakatenganisha miaka iliyozidi matarajio na ile iliyopungukiwa. Mchoro wao ni wa kutazamwa taratibu. Mistari miwili, ya hisa za makundi hayo mawili, inaanza pamoja, miezi kumi na miwili kabla ya faida kutangazwa. Mmoja unapanda, mwingine unashuka, mwezi baada ya mwezi, na siku ya tangazo inapowadia safari imekaribia kwisha. Walipokokotoa wakaona kwamba asilimia 85 hadi 90 ya habari iliyomo kwenye faida ya mwaka soko lilikuwa limeshaipata kwingine kabla ya mwezi wa tangazo. Kwa mhasibu aliyekesha akifunga vitabu, hiyo ni habari chungu. Hata hivyo ilikuwa na upande mtamu: wapo wasomi waliodai kwamba faida iliyopikwa kwa kanuni nyingi zinazopingana haina maana yoyote, na bei za hisa zikaonyesha kwamba inayo.

The Accounting Review iliikataa makala hiyo. Ikachapishwa mwaka 1968 na Journal of Accounting Research, jarida changa la Chicago na London School of Economics. Mwaka 1986 American Accounting Association, chama chenye The Accounting Review, kiliipa makala ileile tuzo ya mchango mkubwa katika fani.

Tangu hapo udaktari wa uhasibu ukawa shahada nyingine. Zamani umahiri na CPA vilitosha kumpa mtu kiti cha kufundisha. Sasa vyuo vya utafiti vilidai uzamivu, na uzamivu ukadai ekonometriki. Heshima aliyoililia Hatfield ilipatikana, ila naona bei yake ilikuwa kubwa. Kijana anayetaka kuandika historia ya leja sidhani kama angeitwa usaili katika chuo kikubwa leo.

Anayeingia sasa hulipiwa ada na kupewa posho, huku akikaa miaka minne, mitano, wakati mwingine zaidi. Miwili ya mwanzo huliwa na uchumi, takwimu na semina, kisha unakuja mtihani mzito ambao ukimshinda anarudi nyumbani. Akikaribia kumaliza, kuna kambi ya Desemba mjini Miami ambako wahitimu watarajiwa hukutana na vyuo vinavyotafuta wahadhiri. Wengi huishia darasani. Watanzania wamemwona Profesa Mussa Assad akitoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwenda kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali mwaka 2014, lakini Marekani njia ya namna hiyo ni nyembamba.

Upungufu ukaja kuonekana mahali pasipotarajiwa. Maprofesa wa kuchambua bei za hisa walikuwepo. Wa kufundisha ukaguzi na kodi wakaadimika. Mwaka 2008 kampuni kubwa za ukaguzi za Marekani zilichanga zaidi ya dola milioni 15 kusomesha watu 120, kila mmoja dola 30,000 kwa mwaka kwa muda usiozidi miaka minne. Sharti lilikuwa kwamba mwombaji awe ametoka kazini hivi karibuni, kwenye ukaguzi au kodi. Kampuni zililipa ili vyuoni waingie tena watu waliowahi kusimama ghalani na kuhesabu mzigo.