Kifaransa Chini ya Uluguru: Somo Lililokubali Kwamba Hatujui

Lugha ya kwanza ya Ulaya kuweka makazi chini ya Milima ya Uluguru haikuwa Kiingereza, wala haikuwa Kijerumani. Ilikuwa Kifaransa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa Zanzibar tangu miaka ya 1860 na wakafungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868, walisogea bara hatua kwa hatua: Mhonda mwaka 1877, kisha Morogoro mwaka 1882. Wakati huo Carl Peters alikuwa bado hajaja kukusanya mikataba yake ya hila. Waingereza nao hawakuingia Morogoro hadi Agosti 1916, walipofika na majeshi ya Jenerali Smuts. Nayataja haya kwa sababu kila ninapowaambia wanafunzi wangu kuwa nilisoma Kifaransa sekondari mkoani Morogoro, tangu kidato cha kwanza hadi cha sita, hushangaa na kuuliza lugha hiyo ilifikaje huko.

Hata hivyo, historia inatudai tahadhari. Kifaransa cha mapadre hakikuzaa Kifaransa cha shuleni. Mapadre wale walikuja kufundisha dini, na dini waliifundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo aliyelazimika kukaa chini na kuanza upya kama mtoto alikuwa padre mwenyewe. Mfano mkubwa ni Charles Sacleux, aliyefika Zanzibar mwaka 1879 na kufanya kazi huko na Bagamoyo hadi karibu na mwisho wa karne. Alirudi Ufaransa na kuendelea kuichambua lugha yetu kwa miongo mingine minne. Sarufi yake ilichapishwa mwaka 1909, na kamusi yake kubwa ya Kiswahili kwa Kifaransa ikatoka Paris kati ya 1939 na 1941, mwenyewe akiwa mzee wa zaidi ya miaka themanini. Mtu anayetaka kujua neno fulani lilitamkwaje Lamu, Mombasa au Ngazija katika karne ya kumi na tisa bado hana budi kuifungua kamusi hiyo. Kwa upande wetu, Kifaransa kilituachia maneno machache mno. Wanaisimu wengi hulitaja neno divai, ambalo hudhaniwa kuwa limetoka kwao.

Wajerumani nao waliitawala nchi hii kwa Kiswahili kuliko kwa Kijerumani. Ni Waingereza walioipanga elimu kama ngazi ambayo Kiswahili kilikaa kwenye vidato vya chini na Kiingereza kikakaa juu, na aliyetaka kupanda akalazimika kubadili lugha katikati ya ngazi. Tumeirithi ngazi hiyo, tukaipaka rangi mara kadhaa, lakini hatujaihamisha.

Kifaransa kilirudi baada ya uhuru kwa mlango mwingine kabisa, mlango wa ujirani na diplomasia. Tanzania inapakana na Burundi, Rwanda na Kongo, nchi tatu zilizotawaliwa na Wabelgiji, na Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika tangu mwaka 1963. Taifa lililojipa kazi ya kusemezana na bara zima lilihitaji watu wa kusemezana. Nilipoingia kidato cha kwanza mwaka 1994 haja hiyo ilikuwa mbele ya macho yetu kwa namna ya kutisha. Rwanda ilikuwa imeangamia, wakimbizi walikuwa wamefurika Ngara, na mwezi Novemba Umoja wa Mataifa ukaunda mahakama ya kimataifa iliyokuja kuwekwa Arusha, ambayo lugha zake za kazi zilikuwa Kiingereza na Kifaransa. Mwalimu wetu alilitumia jambo hilo bila haya: someni, alituambia, Arusha wanatafuta wakalimani.

Mwalimu yule alikuwa mtu wa Kigoma. Siku ya kwanza aliingia, akatusalimu kwa Kifaransa, akanyamaza akingoja. Hakuna aliyejibu. Hakukasirika, kwa kuwa hakutarajia jibu. Alirudia salamu, akajijibu mwenyewe, kisha akamwelekea mwanafunzi wa dawati la mbele. Kwa majuma kadhaa hatukuandika karibu chochote. Tulisalimiana, tukatajiana majina, tukahesabu. Hesabu zenyewe zilituchekesha, maana Mfaransa akifika sabini husema sitini-na-kumi, na themanini kwake ni ishirini nne, hivyo tisini na tisa inageuka kuwa zoezi la kujumlisha.

Jambo ambalo nimekuja kulithamini baadaye, nikiwa mwalimu mwenyewe, ni kwamba alitufundisha lugha tusiyoijua kwa kupitia lugha tuliyoijua. Tulipolalamika kwamba haina maana meza kuwa ya kike, alitutaka kwanza tumweleze kwa nini mto na mti vimewekwa katika ngeli moja ya U-I. Tulikosa jibu, na tangu siku hiyo jinsia za nomino za Kifaransa zikawa kwetu ngeli tu, tena mbili badala ya lundo tulilozaliwa nalo. Tofauti ya nyakati zilizopita, inayowatesa wengi, aliimaliza kwa dakika tano: moja ni nilikula, nyingine ni nilikuwa nikila. Kidato cha tano tulipofika kwenye lile umbo la kitenzi linalofuata maneno ya lazima, hamu na shaka, ambalo Waingereza wengi huliona gumu kwa kuwa lugha yao imekaribia kulipoteza, aliandika ubaoni sentensi moja tu ya Kiswahili: lazima aende. Kiswahili kinasema aende na si anakwenda, na Kifaransa nacho hubadili kitenzi mahali hapohapo. Darasa zima lilipumua.

Sasa linganisha na vipindi vingine vya siku hiyohiyo. Tulitoka shule za msingi ambako kila somo lilifundishwa kwa Kiswahili, kama ilivyoamriwa tangu mwaka 1967. Baada ya majuma machache ya mafunzo ya awali, Baiolojia, Jiografia, Historia na Fizikia zikaanza kuja kwa Kiingereza, kama kwamba tumezaliwa nacho. Wanafunzi walionizidi akili, watoto wa Mgeta na Matombo waliojua udongo, mbegu na majira kuliko kitabu chochote, waliketi kimya kidato kizima. Walinakili ubao wakakariri. Aliyesikika akinong'ona Kiswahili alivishwa kibao cha mti shingoni, akakivaa hadi ampate mwenzake wa kumrithisha. Katika somo la Kifaransa kutojua kulikuwa mahali pa kuanzia. Katika somo la Baiolojia kulikuwa kosa la kuadhibiwa.

Haya hayakuwa mageni kwa waliokuwa na mamlaka. Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba Kiswahili kitumike kufundishia sekondari na hatimaye vyuo vikuu. Serikali ilikataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Criper na Dodd, walipima Kiingereza cha wanafunzi wetu na kukuta kwamba wengi mno hawakuwa na uwezo wa kusoma kwa lugha hiyo. Mtu angetegemea matokeo hayo yageuze uamuzi. Yaliyofuata ni mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, na lugha ya kufundishia ikabaki ileile. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilitamka kuwa Kiswahili kitafundishia ngazi zote. Toleo la 2023 la sera hiyohiyo likakirudisha Kiingereza sekondari, ambako kwa kweli hakikuwahi kuondoka.

Nisieleweke vibaya. Kifaransa chetu hakikuwa pepo. Darasa la kidato cha kwanza lilikuwa limejaa. Wengi waliacha somo hilo kabla ya mtihani wa kidato cha nne, na nina hakika wengi wao leo hawawezi kuagiza mkate kwa Kifaransa. Vitabu tulishirikiana watu wanne. Kidato cha tano, katika shule nyingine niliyopangiwa kwa tahasusi yenye Kifaransa, tulikuwa sita tu. Lakini sisi sita tulifika. Vita vya Kongo vilipoanza upya Agosti 1998 tulizisikiliza habari zake kwa redio ya masafa mafupi kutoka Paris, jioni, nyuma ya bweni, tukabishana kuhusu tulichosikia. Tulifikishwa pale na miaka minne ya kuanzia chini, ngazi kwa ngazi, bila kudai Kifaransa kitubebee masomo mengine mgongoni.

Wapo watakaonijibu kwa mfano wa Rwanda. Mwaka 2008 serikali yake iliamua kuhamisha lugha ya kufundishia kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza, na nchi haikuanguka. Ni kweli haikuanguka. Lakini miaka michache baadaye Rwanda ilikirudisha Kinyarwanda kufundishia madarasa ya mwanzo ya shule za msingi, kisha mwaka 2019 ikatangaza tena Kiingereza kwa madarasa hayohayo. Kuyumba huko kunaonyesha jinsi amri inavyotangulia mbali mbele ya midomo ya watoto na ya walimu wao.

Hoja yangu kuhusu Kiingereza ni ndogo kuliko inavyodhaniwa. Sitaki kiondolewe shuleni. Nataka kipewe alichopewa Kifaransa: mwalimu aliyesomea kufundisha lugha ya kigeni, vipindi vya kutosha, na ukweli kwamba mtoto wa kidato cha kwanza kutoka Kinole au Mkuyuni hakijui. Masomo mengine yafundishwe kwa lugha anayoijua wakati akijifunza hiyo nyingine. Leo mitaala yetu ya sekondari ina Kifaransa, Kiarabu na Kichina kama masomo ya lugha za kigeni, na katika yote matatu mwanafunzi huanza na salamu. Ni Kiingereza peke yake kinachoanza na usanisinuru.