Bendera Ilibadilika, Hati Zikabaki

Jumatatu asubuhi, katika shule za Ziwa la Ng'ombe, Mombasa, kama kwingineko nchini Kenya, wanafunzi hupanga mistari uwanjani. Skauti huvuta kamba, bendera hupanda mlingoti polepole, na wimbo wa taifa huimbwa. Mtoto hujifunza kusimama wima kabla hajaweza kusoma jina la nchi yake. Ili kuielewa maana ya kusimama huko, hatuna budi kuanza na bendera iliyotangulia.

Mwaka 1895 Uingereza ilikubaliana na Sultani wa Zanzibar kuutawala ukanda wa Pwani wenye upana wa maili kumi, kwa niaba yake na kwa malipo ya kila mwaka. Ziwa la Ng'ombe na eneo lote la Kisauni vilikuwa ndani ya ukanda huo. Kwa hiyo, ingawa bara baadaye likawa koloni, Mombasa ilibaki kisheria nchi ya Sultani, na bendera yake nyekundu ikapepea juu ya Fort Jesus. Mwaka 1908 ikaja sheria ya hati za ardhi. Waliojua kudai na kuandikisha walipata hati. Wamijikenda wengi, waliolima kwa haki ya mila, hawakupata.

Uhuru ulipokaribia, swali lilikuwa Pwani itaapa kwa nani. Wafuasi wa vuguvugu la Mwambao walitaka Pwani ijitenge, na mwanasiasa Ronald Ngala na chama chake cha KADU wakataka serikali ya majimbo. Mwaka 1961 James Robertson, kamishna aliyepewa kazi ya kulichunguza suala hilo, alipendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, na mapatano ya Oktoba 1963 yakathibitisha hivyo. Serikali mpya iliahidi kuzilinda mahakama za kadhi na kuzitambua hati za ardhi zilizokwisha kutolewa. Bendera ya Kenya ilipandishwa tarehe 12 Desemba, na ukaimbwa wimbo wa taifa uliotokana na bembelezi ya Wapokomo wa Mto Tana. Pwani iliyosita ndiyo iliyolipa taifa sauti yake.

Dola changa ilihitaji raia, na raia hufundishwa. Sinemani watu walisimama kabla ya filamu kuanza. Jioni, filimbi ilipolia kwenye kambi ya chifu au kituo cha polisi, mpita njia aliganda alipo, kapu mkononi, hadi bendera iteremshwe. Enzi za Rais Moi, aliyeingia madarakani mwaka 1978, wanafunzi walikariri ahadi ya uaminifu iliyomtaja Rais kwanza, taifa likafuata.

Kwa nini walitii? Wapo wasemao ni hofu, hasa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982. Wengine hukumbuka maziwa ya Nyayo, yaliyoanza kugawiwa shuleni mwaka 1979, na kuona humo shukrani. Yote mawili yana ukweli, lakini hofu na shukrani huja na kupita. Kilichodumu ni mazoea: mwili ulizoea kusimama, na moyo ukabaki na hesabu zake.

Hesabu hizo zilidhihirika baadaye. Katiba ya mwaka 2010 ilitaja alama za taifa, yaani bendera, wimbo, nembo na muhuri. Ahadi kwa Rais haimo. Sikukuu zilizobeba majina ya marais nazo hazimo katika orodha yake ya siku za taifa. Hata hivyo, miaka hiyo hiyo kauli ya "Pwani si Kenya" ilisikika Mombasa. Wako walioieleza kuwa ni ukosefu wa uzalendo, lakini maelezo hayo hayatoshi, kwa kuwa wengi wa walioitamka walilelewa na gwaride lile lile la Jumatatu. Sababu yenye uzito zaidi ni ardhi: mwaka 1963 bendera ilibadilika, lakini hati zikabaki kwa wenyewe, na aliyekuwa mkulima kwa mila akaitwa skwota chini ya mlingoti mpya.

Basi kiapo si bure, ila hakiendi peke yake. Mtoto wa Ziwa la Ng'ombe huahidi kuilinda nchi. Siku moja atauliza kama kiwanja wanachoishi kwao kimo katika nchi hiyo.