Ujira wa Kasongo na kipimo cha umbali

Wastani wa mishahara ya Kongo hutokana zaidi na ofisi za Kinshasa na migodi ya shaba ya Kolwezi. Huko Kasongo na Kabambare, mkoani Maniema, mwenye mshahara wa kila mwezi aghalabu ni mwalimu, muuguzi au mtumishi wa serikali. Wengine wanalima mpunga, wanasukuma baiskeli zenye madumu ya mawese, au wanachimba dhahabu Salamabila, na hakuna daftari la mishahara lenye majina yao. Anayetaka kulinganisha kwa haki aanze na mwalimu.

Kwa miaka mingi serikali ililipa walimu kwa zoni: Kinshasa juu, vijiji chini. Kenya nayo hupanga kima cha chini kwa maeneo, na majiji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu ndiyo yaliyo juu. Tanzania hupanga kwa sekta. Kati ya njia hizi, ya zoni ndiyo inayomwonea mtu wa Kabambare, kwa kuwa imejengwa juu ya nusu ya ukweli. Muhogo na mchele ni rahisi kijijini, sawa. Lakini sabuni, dawa, daftari na bati hufika kwa barabara ambayo mvua ikinyesha hugeuka tope, na kila siku ya kukwama huongezwa kwenye bei. Mshahara nao una safari yake. Tangu 2011 malipo ya serikali yalipoanza kupitia benki, mwalimu wa kijiji kisicho na benki hulazimika kuufuata mbali, akilipa nauli na malazi kutoka kwenye mshahara huohuo.

Misafara ya biashara ya karne ya 19 ilihesabu umbali vingine. Kasongo ilipokuwa makao makuu ya Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa kutoka Zanzibar, kabla Dhanis, ofisa Mbelgiji, hajaiteka mwaka 1893, mpagazi huru wa Kinyamwezi alipatana ujira wa vitambaa kwa kutazama safari yake, na posho ya njiani ikaongezwa juu. Siusifu mfumo ule. Katika njia zilezile watumwa walibebeshwa pembe za ndovu bila ujira wowote. Ila katika jambo hili moja ulikuwa na haki: umbali ulikuwa sababu ya kumwongezea mtu, wala si ya kumpunguzia. Utawala wa Kibelgiji uliondoa hata kule kupatana, ulipoleta Maniema pamba ya lazima mwaka 1917: mkulima aliuza kwa bei asiyoipanga, kisha akadaiwa kodi.

Waislamu wa Kasongo, ambao ni wengi, wana kipimo kingine tena: mafundisho yao yanataka mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Kipimo hiki kinatazama wakati, na mwalimu aliyecheleweshewa miezi anakielewa kuliko kiasi chochote kilichoandikwa Kinshasa.

Mwaka 2021, katika makubaliano ya Bibwa na vyama vya walimu, serikali iliahidi kufuta zoni. Ni hatua njema, na naitaka itimizwe hadi kijiji cha mwisho cha Kabambare. Lakini kuna walimu wanaoitwa N.P., wasiolipwa, wanaoingia darasani kila asubuhi wakitegemea mchango wa wazazi, ilhali elimu ya msingi ilitangazwa kuwa bure mwaka 2019. Wastani wa mishahara huhesabu wanaolipwa tu. Hawa hawamo, hata kama sifuri. Waingizwe kwanza, ndipo tuambiwe Maniema iko chini ya wastani wa taifa kwa kiasi gani.