Muziki wa mazingira: istilahi na matumizi yake

Zipo albamu za kielektroniki zisizo na ngoma wala mwimbaji, ambazo sauti hutanda chumbani, zikabadilika polepole, kisha zikaisha bila kiitikio. Anayetaka kuzipendekeza kwa mwenzake hukwama kwenye jina kabla hajafika kwenye albamu yenyewe. Wengi husema ambienti na kuendelea na mazungumzo. Neno hilo linatamkika, lakini halimwambii msikilizaji mpya chochote.

Aliyeutangaza muziki huu kwa jina hilo ni Mwingereza Brian Eno, alipotoa albamu ya Ambient 1: Music for Airports mwaka 1978. Katika maelezo ya jalada aliutenga na bidhaa za Muzak, kampuni ya Marekani iliyosambaza muziki laini wa madukani na maofisini. Muziki wa aina hiyo hulainisha kila mahali hadi pote pafanane. Eno alitaka kinyume chake: sauti zinazoziacha sifa za mahali zijitokeze, ambazo mtu akizisikiliza kwa makini atapata kitu, na akiendelea na shughuli zake hazitamkera. Mzizi wa neno lenyewe ni kitenzi cha Kilatini ambire, yaani kuzunguka.

Utengenezaji wake unaeleza mengi. Katika kipande cha pili cha albamu hiyo, noti za waimbaji zilirekodiwa kwenye kanda zilizoungwa ncha kwa ncha zikawa vitanzi. Noti moja hurudi kila baada ya sekunde 23 na nusu, nyingine karibu kila sekunde 26, nyingine karibu kila sekunde 30. Kwa kuwa urefu wa vitanzi haulingani, noti hizo hukutana na kuachana kwa mpangilio unaobadilika kila mara. Mtunzi aliweka utaratibu, kisha akauacha ujiendeshe.

Sasa tuupe jina la Kiswahili. Pendekezo la kwanza ni muziki tulivu. Hilo linataja hali ya moyo, na muziki huu hautulizi kila mara: Selected Ambient Works Volume II ya Aphex Twin, ya mwaka 1994, ina vipande vinavyotia wasiwasi. Isitoshe, bembelezi nayo ni tulivu. La pili ni muziki wa usuli, yaani unaokaa nyuma ya jambo jingine. Hilo linaifaa Muzak, na ndiyo maana halimfai Eno.

La tatu, ambalo naliunga mkono, ni muziki wa mazingira. Mazingira yametokana na kuzingira, kitenzi kinachobeba wazo lile lile la ambire. Wajapani walipita njia hiyo. Muziki huu wanauita kankyō ongaku, na kankyō ndilo neno lililomo katika jina la wizara yao ya mazingira. Hiroshi Yoshimura alitoa Music for Nine Post Cards mwaka 1982, vinanda vichache vya umeme visivyo na pupa, na muziki huo ukapigwa ndani ya jumba la sanaa la Hara jijini Tokyo.

Pingamizi lipo: msomaji atadhani ni nyimbo za kuhimiza upandaji miti. Lakini hizo huitwa nyimbo za kuhifadhi mazingira, na neno kuhifadhi linatosha kuzitenganisha.

Istilahi hii isichanganywe na muziki wa majaribio. Majaribio yanahusu njia aliyopita mtunzi, ilhali mazingira yanahusu uhusiano wa sauti na mahali pa msikilizaji. Sounds of Sisso, mkusanyiko wa singeli uliotolewa mwaka 2017 na Nyege Nyege Tapes ya Kampala, wasikilizaji wa Ulaya wameupokea kama muziki wa majaribio; Dar es Salaam singeli ni muziki wa kucheza, tena wa kasi ya kutoa jasho. Hakuna atakayeuita wa mazingira.

KMRU anasimama pande zote mbili. Jina lake ni Joseph Kamaru, mzaliwa wa Nairobi, mjukuu wa mwanamuziki wa Kikuyu mwenye jina hilo hilo. Hurekodi sauti za mahali halisi, kisha huzipanga tabaka juu ya tabaka pamoja na ala za kielektroniki. Peel, ya mwaka 2020, ni muziki wa mazingira kwa maana kamili. Temporary Stored, ya mwaka 2022, inatumia rekodi za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, na inadai usikivu wa mtu aliyekaa chini kufikiri juu ya nani anazimiliki sauti hizo.

Jina likitulia, namna ya kupendekeza nayo hubadilika. Badala ya kumuuliza mtu anajisikiaje, muulize atasikilizia wapi na saa ngapi. Anayefanya kazi kwenye chumba chenye watu apewe Yoshimura, kwa sauti ya chini. Mwenye spika nzuri na saa nzima ya peke yake apewe Peel. Anayesikilizia barabarani ndani ya daladala asubiri afike nyumbani, kwa kuwa injini na honi zitameza nusu ya albamu yoyote kati ya hizi.