Tromsø hadi Longyearbyen: kilomita zilezile, muda tofauti

Hebu tufanye hesabu kidogo. Uwanja wa ndege wa Tromsø, kaskazini mwa Norwe, uko karibu digrii 69.7 za latitudo. Ule wa Longyearbyen, visiwani Svalbard, uko digrii 78.2. Miji hii imekaa karibu kwenye mstari mmoja wa kusini kwenda kaskazini, kwa hiyo huhitaji fomula ngumu: toa, upate 8.5, kisha zidisha kwa 111, maana kila digrii ya latitudo ni takriban kilomita 111. Jibu ni kama kilomita 950. Ndege ya jeti inazimaliza kwa saa moja na nusu na dakika chache.

Sasa rudi nyuma hadi 1928. Mwezi Mei, Italia, puto kubwa la injini lililoongozwa na Umberto Nobile, lilianguka kwenye barafu ya bahari likirudi kutoka Ncha ya Kaskazini. Roald Amundsen, mtu wa kwanza kuongoza msafara hadi Ncha ya Kusini, alikuwa amegombana na Nobile hadharani. Hata hivyo alikwenda kumtafuta. Tarehe 18 Juni aliondoka Tromsø na wenzake watano kwa Latham 47, ndege ya Kifaransa inayotua majini, wakielekea Svalbard. Saa chache baadaye redio ikanyamaza. Mwisho wa Agosti wavuvi wakaokota boya moja la ndege ile. Miili haikupatikana kamwe. Na Nobile? Aliokolewa na rubani Mswidi ndani ya wiki moja tangu Amundsen aondoke.

Kwa wachimba makaa ya mawe wa Longyearbyen, umbali haukupimwa kwa kilomita. Bahari ikiganda, meli haziji, basi, unasubiri miezi. Mwaka 1959 ndege ya jeshi la anga la Norwe ilitua kwenye bonde la Adventdalen kumchukua mgonjwa mahututi. Ndege za abiria nazo zikaanza kutua hapo, ila majira ya baridi tu, ardhi ikiwa ngumu.

Kwa nini usijengwe uwanja kamili? Ufundi ulikuwa sehemu tu ya tatizo. Mkataba wa Svalbard wa 1920 unakataza ngome za kivita, na Wasovieti, waliokuwa na migodi yao visiwani, walihofia uwanja huo ungeitumikia NATO. Ulifunguliwa 1975, wa kiraia, na Aeroflot nayo ikawa inatua.

Lakini njia yake ya kurukia imelazwa juu ya ardhi iliyoganda mwaka mzima. Kiangazi tabaka la juu huyeyuka, baridi ikirudi linaganda na kuvimba, na lami inapanda na kushuka nalo. Svalbard inapata joto haraka kuliko karibu sehemu yoyote duniani, hivyo mafundi hawana budi kuikagua na kuisawazisha tena na tena.