Ndege za Manowari na Joto la Pwani

Tarehe 15 Agosti 1916 askari wa manowari za Kiingereza walishuka Bagamoyo wakautwaa mji, na humo wakapata mzinga wa milimita 105 uliotoka katika manowari ya Kijerumani, Königsberg. Lakini manowari hiyo ilikuwa imekwisha kufa mwaka mmoja kabla, tena mbali kusini, ndani ya mto Rufiji.

Königsberg iliipiga na kuizamisha manowari Pegasus bandarini Unguja tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha katika mikoko ya Rufiji. Manowari kubwa hazikuweza kuifuata humo kwa uchache wa maji, wala hazikuweza kuiona. Ikawa hapana budi itafutwe kutoka angani. Februari 1915 zililetwa katika kisiwa cha Nyororo, karibu na Mafia, ndege mbili za Sopwith aina ya 807, zenye mabawa mawili, moja juu ya jingine, na maboya mahali pa magurudumu.

Zilikuwa zimeundwa kwa hewa ya baridi ya Ulaya, na pwani hii iliziumbua. Hewa ya joto ni nyepesi. Huyanyima mabawa kitu cha kuegemea na kuipunguzia injini nguvu. Gundi iliyoshika mbao ikalegea. Zikipakiwa mtazamaji na mabomu, hazikubanduka majini; na ndege ya vita ya namna hiyo ni mashua tu, tena mashua ghali. Aina hiyo haikupata kutengenezwa kwa wingi.

Aprili zilikuja ndege za Short, na rubani Cull akaipiga picha manowari ile. Hizo nazo hazikupanda juu vya kutosha kuepa risasi. Kazi ilimalizwa na ndege za magurudumu zilizoruka kutoka Mafia, zikiwaelekeza wapiga mizinga wa Severn na Mersey, hata tarehe 11 Julai 1915 Königsberg ikaangamia.

Vitabu vingi hukomea hapo, vikiwasifu marubani. Sifa hizo ni haki yao. Lakini meli ilikaa katika maji machache, na Wajerumani waliiopoa mizinga yake yote kumi. Waafrika kwa mamia waliivuta kwa kamba katika matope na mchanga, tani kwa tani, ikaenda kupigana nchi kavu mahali pengi. Mmoja ndio huo uliokutwa Bagamoyo. Jina la Cull limeandikwa. Ya wavutaji wale hayakuandikwa.